Viviane na Nyimbo za Kalume

Imesemwa huku Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi nchini Uganda, na ikafika hadi kambi ya Oruchinga, kwamba mkamwana wangu Viviane aliharibu kwa makusudi nyimbo za marehemu mume wangu, eti kwa sababu yeye ni Mrundi na Mkatoliki, na nyimbo ni za Wakongomani. Wengine wameongeza kwamba kazi yake ni kughushi karatasi. Mimi ni mjane wa Gervais Kalume. Nilisomea ualimu Bukavu, nikafundisha Uvira mpaka vita viliponitoa darasani, na sina desturi ya kujibizana na watu kwenye foleni ya maji. Kwa hiyo naandika. Mambo yalikuwa hivi.

Nianze na kazi yenyewe, maana uongo umejengwa juu ya watu kutoielewa. Viviane ana meza yake ndani ya kibanda cha mabati pale Base Camp, kati ya kinyozi na mama anayeuza samaki wadogo wa ndagala. Ana laptopu, ana mashine ya kuchapa inayokohoa kila asubuhi kabla ya kukubali kufanya kazi, na juu ya paa ana paneli ya jua. Wanaomjia wengi wana PDF kwenye simu zao. PDF unaweza kuisoma na kuituma kwa yeyote umtakaye, lakini ukitaka kubadilisha neno moja ndani yake, inakutazama tu. Mwalimu ana mtihani wa zamani anaotaka kuurekebisha. Chama cha washonaji kina katiba, na aliyeiandika amekwisha kwenda Australia. Viviane huipeleka PDF kwenye tovuti ya kugeuza, akangoja intaneti yetu ya kusuasua, na tovuti humrudishia maandishi yanayoweza kusahihishwa. Kisha hukaa na kuyapitia mstari kwa mstari, kwa sababu mashine ina haraka na haina aibu.

Kuhusu kughushi, siku moja mwanamume mmoja alimletea karatasi ya ofisi, akataka mwaka wake wa kuzaliwa usogezwe mbele kidogo ili aonekane kijana. Viviane alimrudishia simu yake.

"Kaka, hilo umwombe mama yako," alimwambia. "Mimi sikuwepo."

Kinyozi wa jirani alicheka mpaka akamkata mteja sikio. Yule mwanamume aliondoka na hasira, na baada ya hapo tukaanza kusikia kwamba Viviane anaghushi. Karatasi za ofisi haziweki hata kwenye tovuti. Anasema ukishapakia kitu huko hujui kinalala kwa nani.

Viviane alikuja nchi hii akiwa msichana, akitokea Rumonge, Burundi, na mama yake. Akasoma hapa, kisha akaenda Mbarara kujifunza kompyuta, akilala kwa shangazi yake Biharwe. Alipoletwa kwetu kuwa mke wa mwanangu Bienfait, ndugu za mume wangu walinung'unika. Walisema mabinti wa Kivu Kusini wamejaa Nakivale nzima, kwa nini Bienfait apite mbali hivyo. Mimi nilimkalisha nikamuuliza maswali, akanijibu kila swali kwa sentensi kamili, akinitazama usoni. Nikasema huyu atafaa. Lakini kukubaliwa na mama mkwe si kukubaliwa na ukoo wala kanisa, na kwa muda mrefu alipoingia kwenye mikutano yetu, watu walihamia Kifuliiru, lugha yetu asiyoielewa.

Sasa nyimbo. Gervais alikuwa mwalimu wa shule mchana na mtunzi wa kwaya jioni. Tulipokimbia hatukubeba karatasi hata moja. Hapa Nakivale aliziandika upya zote kutoka kichwani kwa taipureta ya kanisa: maneno, na juu ya maneno nota za solfa kwa sauti zote nne. Asiyeijua solfa afahamu tu kwamba nota ni herufi, na kwamba kijistari kidogo kando ya herufi ndicho kinachomwambia mwimbaji apande juu au ashuke chini. Kabla hajafariki, alipeleka karatasi zile Mbarara zikapigwa picha na kufanywa PDF. Ilikuwa bahati, maana baadaye mchwa walizimaliza karatasi zenyewe. Ikabaki PDF hiyo moja, ikizunguka kwenye simu za wanakwaya, yenye rangi ya majivu na imejaa vidoa.

Kanisa letu la Kiprotestanti lilipotangaza jubilei itakayofanyika Kakoba, mjini Mbarara, wazee waliamua kwamba kwaya zote, za Nakivale, za Oruchinga na za wenyeji wa Mbarara, ziimbe pamoja nyimbo za Kalume. Wakaipeleka PDF kwa mpiga chapa. Akawajibu kwamba kitu kile hakisomeki kikichapwa, na kwamba wenyeji hawataweza kuimba bila ubeti wa Kinyankole, lugha yao, kwa hiyo wamletee maandishi yaliyo wazi. Bienfait akasimama mbele ya wazee akasema mke wake anaweza. Wakatazamana. Mwishowe wakampa, huku wakisema wazi kwamba kitabu kisipokuwa sawa, jubilei itaimba nyimbo za watu wengine. Kila mtu alielewa maana yake. Wakongwe wa kwaya wanazeeka, karatasi hakuna, na zisipoimbwa Kakoba, nyimbo za mume wangu zingezikwa na watu wanaozikumbuka.

Tovuti ya kwanza ilimdanganya Viviane. Ilimrudishia ukurasa unaoonekana kama maandishi, kumbe ni ile ile picha imebandikwa ndani. Ukigusa herufi moja, ukurasa mzima unahama. Akatafuta nyingine inayosoma herufi kutoka kwenye picha. Hii ilimuuliza maswali kabla ya kuanza: lugha gani, kurasa zinyooshwe au ziachwe, vidoa vya karatasi vifutwe au vibaki. Karatasi zilikuwa chafu, kwa hiyo akachagua vifutwe. Nani asingechagua hivyo?

Maneno yalitoka vizuri kuliko tulivyotumaini. Palipokosewa alisahihisha, akaniletea mimi nisome, nami nilisoma kila ubeti. Maneno yalikuwa ya Gervais, kila moja mahali pake. Ubeti wa Kinyankole aliutafsiri Viviane, akisaidiwa na shangazi yake wa Biharwe. Nota zikapelekwa kwa Néhémie, kiongozi wa kwaya yetu, aliyezipokea kwa Gervais tangu wote wawili wakiwa Uvira. Akawagawia waimbaji karatasi mpya, wakasimama, wakaimba kitabu kizima tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Ilipendeza hata watu wa nje wakaja kusimama madirishani. Néhémie akasema kazi ni safi. Nakala zikapelekwa Oruchinga wakajifunze.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa limekaa, na ni kosa la watu wetu kabisa. Sisi tukipewa karatasi ya wimbo tunaoujua, tunaishika mbele ya kifua kwa heshima, na tunaimba tulichofundishwa na mama zetu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amesoma nota. Wangeshikilia gazeti wangeimba vilevile.

Kwaya ya Oruchinga ni ya vijana, na nyimbo zile hawakuwa wamezisikia kamwe. Walifanya kama walivyoambiwa: walisoma. Wakajirekodi, wakatutumia kwa simu. Tulikuwa tumekusanyika kanisani baada ya ibada wakati Orpa, soprano wetu wa zamani mwenye sauti nzuri na mdomo mrefu, alipoifungulia rekodi ile kwenye spika ya kanisa. Soprano zilianza vizuri, zikapanda ngazi mbili tatu, kisha badala ya kufika juu zikaporomoka chini ya besi. Besi nao, walipotakiwa kushuka, wakapaa. Iliendelea hivyo ubeti baada ya ubeti, kwa bidii sana, maana vijana wale wana nidhamu.

"Sikieni soprano," Orpa akasema kwa Kiswahili cha kwetu Kivu. "Beko chini ya kitanda, banatafuta viatu."

Watu wakacheka, lakini si kicheko cha furaha. Kisha akamgeukia Viviane, aliyekuwa ameketi nyuma pamoja nami.

"Wewe mutoto, baba mukwe wako alikukosea nini?"

Hapo wakaanza wote. Mmoja akasema ndiyo matokeo ya kumpa Mkatoliki nyimbo zetu. Mwingine akasema mtu anayebadilisha karatasi za watu atashindwaje kubadilisha wimbo. Mzee mmoja akasema kazi ichukuliwe leo hii ipelekwe kwa duka la Mbarara. Wiki ile walimu walimwondolea mitihani yao, washonaji wakachukua katiba yao, na mama wa ndagala akaniambia kwa huruma kwamba mkwe wangu anakaa siku nzima akitazama barabara.

Hakuwa anatazama barabara. Alikuwa amevaa visikilizi, akiisikiliza rekodi ya Oruchinga huku karatasi iko mbele yake. Jioni alikuja jikoni kwangu akaniambia ameelewa. Vijana wale hawakukosea, waliimba kilichoandikwa. Vile vijistari vya kupanda na kushuka, mashine ilikuwa imevidhania vidoa, ikavifuta pamoja na uchafu. Nikamwambia basi avirudishe kwa kutazama PDF. Akaifungua, akaikuza mpaka herufi moja ikajaa kioo. Kuizunguka kulikuwa na vidoa vitano au sita. Kimoja huenda kilikuwa kijistari cha Gervais, na vingine huenda vilikuwa vumbi. Kwa macho haikuwezekana kujua.

"Mama," aliniambia, "macho hayatoshi. Nahitaji masikio."

Nikavaa kitenge changu kizuri, nikaenda naye mwenyewe kwa wazee. Néhémie alikuwepo, na Orpa pia, maana hakosi mahali. Viviane akaeleza yaliyotokea, bila kulia na bila kumlaumu mtu. Kisha akatoa ombi lake.

"Wazee wangu, kwaya ya hapa isiimbe. Wanazijua mno hizi nyimbo, hawasomi karatasi. Naomba watu wasiozijua."

"Batu basiojua nyimbo zetu batatusaidia nini?" Néhémie akauliza.

"Watakosea, Baba. Na ninyi mtasikia walipokosea. Pale watakapokosea, ndipo kijistari kimefutwa."

Kisha mzee mmoja akauliza watu hao watatoka wapi, watu wanaosoma solfa na hawajawahi kusikia nyimbo za Kalume. Viviane akasema kwa unyenyekevu kwamba kigangoni kwao wapo. Orpa akafungua mdomo, nami nikamtazama kama nilivyokuwa nikiwatazama wanafunzi wa mwaka wa nne. Akaufunga.

Jumamosi wakaja, Warundi wa kwaya ya kigango, wakiongozwa na Nshimirimana, fundi baiskeli wa Juru, mtu mrefu asiyetabasamu kirahisi. Wakongomani walikuwa wamekwisha kukaa upande mmoja wa kanisa, mikono imefungwa vifuani. Nshimirimana akatazama benchi zote, akatusalimu, akasema:

"Tumeambiwa mnatafuta watu wa kukosea. Tuko tayari. Tuonyesheni tu mahali pa kusimama."

Hata wazee wakacheka, na safari hii kilikuwa kicheko cha kweli.

Kazi ikaenda hivi. Warundi waliimba karatasi kama ilivyo, polepole, sauti moja moja. Palipoharibika, Wakongomani waliinua mikono, na Viviane, laptopu ikiwa magotini, akarudisha kijistari mahali pale. Kisha mstari ule ukaimbwa tena, na ukiwa sawa, watu walitikisa vichwa wakaendelea. Mwanzoni waliinua mikono kwa haya. Baada ya nyimbo chache hakuna aliyekuwa na haya. Orpa ndiye aliyekuwa na sikio kali kuliko wote. Alisimama nyuma ya bega la Viviane na hakumwacha apumue.

"Hapo panapanda. Apana, si hiyo, ile ya nyuma. Eeh. Weka."

"Nimeweka, Mama Orpa."

"Naona. Macho ninayo. Endelea, mutoto yangu."

Nilisikia neno lile "mutoto yangu", na najua Viviane pia alilisikia, maana kidole chake kilisimama kidogo juu ya kibonyezo.

Kisha tukafika kwenye wimbo wa mvua, ambao watu wetu wanaupenda kuliko yote. Warundi wakauimba, na katikati ya ubeti soprano zikashuka taratibu, na Wakongomani wote wakainua mikono kwa pamoja. Viviane akakuza ukurasa wa PDF. Pale karatasi ilikuwa safi kabisa, bila doa wala kijistari. Mashine haikuwa imefuta kitu. Néhémie akasema lazima ipo, kwa sababu siku zote wanapanda pale.

Mimi nikasimama. Wimbo ule Gervais aliutunga Uvira, akanifundisha mimi kwanza, nikiwa napepeta mchele, kabla kwaya yoyote haijausikia. Alishuka pale. Alisema mvua haipandi. Ni baadaye, katika miaka ya kukimbia na kuimba bila karatasi, mtu fulani mwenye sauti ya kujionyesha alianza kupanda, na wengine wakamfuata. Nikauimba mstari ule mbele yao wote kama alivyonifundisha. Sina sauti kubwa, lakini iko sawasawa. Nshimirimana akanyoosha mkono, Warundi wakaingia na sauti nyingine tatu chini ya yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimzike, nikausikia wimbo wa mume wangu kama alivyouandika.

Hakuna aliyeinua mkono. Néhémie alivua kofia.

"Mama Bienfait, basi ni sisi ndio tulipotea," alisema. "Karatasi haikupotea."

Orpa alikuwa anatazama sakafu. Akamwambia Viviane aache pale kama palivyo.

Tulipomaliza, kina mama wetu walileta bugali na sombe ya majani ya muhogo, na watu wa sauti moja wakala pamoja, besi na besi, alto na alto, bila mtu kuuliza nani anatoka ng'ambo gani ya mto Ruzizi, unaotenga Kongo na Burundi. Nakala mpya zikaenda Oruchinga. Rekodi iliyorudi haikuhitaji spika. Kila mtu alikuwa nayo kwenye simu yake kabla ya jua kuzama, na hakuna soprano aliyekuwa chini ya kitanda.

Kabla kitabu hakijakwenda kwa mpiga chapa, ndugu wa mume wangu walitaka jalada liwe na jina la Gervais peke yake. Nikawaambia Gervais alikuwa mtu wa haki, na asingekubali. Jalada linasema: Nyimbo za Gervais Kalume, zimeandaliwa na Viviane Isimbi Kalume. Jina la ukoo niliamuru liwekwe mimi, na aliyekuwa na neno alikaribishwa kwangu. Hakuja mtu.

Siku ya jubilei Kakoba, boda boda zilikuwa zimejazana mpaka barabarani, na kanisa halikutosha. Watu waliimba wakiwa uani. Kwaya ya wenyeji, Wanyankole ambao hawajawahi kuona Ziwa Tanganyika, walishika kitabu, wakasoma, na wimbo wa mvua ukatoka vinywani mwao ukishuka pale pale unapopaswa kushuka. Upande wa kulia walikuwa watu wetu, upande wa kushoto vijana wa Oruchinga, na nyuma, wakiwa wamealikwa na Néhémie mwenyewe, Nshimirimana na watu wake. Mchungaji mwenyeji alipanda mbele na kitabu mkononi, akauliza kwa Kiswahili chake cha Uganda, "Sasa nani alitengeneza hii kitabu? Mimi nataka kuona yeye."

Viviane alijaribu kujificha nyuma ya Bienfait. Orpa alimshika mkono akamtoa mbele, na alipofika naye pale hakuuachia. Aliwaambia watu wote kwa sauti ile iliyokuwa ikimwaibisha wiki chache tu zilizopita:

"Ni huyu. Mukwe wa Kalume. Mutoto yetu."

Watu walipiga vigelegele mpaka mpiga ngoma akadhani ni ishara, akaanza wimbo upya, na ukaimbwa upya wote.

Kibanda pale Base Camp sasa kina benchi la kungojea. Walimu wamerudisha mitihani, washonaji katiba, na kwaya mbili za Kikatoliki na moja ya Kisabato zimeleta vitabu vyao vya zamani kwenye simu. Viviane huwauliza kwanza kama wana watu wasiozijua nyimbo zao. Kuhusu vidoa, siku hizi anaviacha vibaki mpaka avitazame mwenyewe.

Basi huo ndio ukweli wote wa jambo hili, na kila niliyemtaja yuko hai isipokuwa mume wangu. Mtu anaweza kwenda kuwauliza. Sasa nasikia swali limegeuka. Wanataka kujua kama Viviane atahamia kanisa letu, kama mtoto anayemngojea atabatizwa kwetu au kwao, na mimi kama mkubwa wa nyumba ninasemaje.

Sisemi. Swali hilo ni la Bienfait na mke wake, na halina jibu kwangu, leo wala siku nyingine.